Koti la Nta Lililobaki Cedar Hill

Mpendwa Mama,

Wangeci amepiga simu. Anataka koti lako.

Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Mtu akikupigia simu akaanza kuuliza mvua, ng'ombe na viazi, ulimkatiza umuulize nani amekufa. Basi safari hii hakuna aliyekufa zaidi yako, na hiyo ni habari ya mwaka jana. Habari ya sasa ni koti. Wangeci ni binti yako wa kumzaa, ana haki yake, na nimemwambia nitampelekea Alief, kule Houston, Jumamosi. Nilikubali haraka, nikiwa nakaanga vitunguu, kama mtu aliyeombwa chumvi. Nilipozima jiko ndipo nikaona nimefanya nini. Leo ni Alhamisi, koti linaning'inia nyuma ya mlango wa gereji hapa Cedar Hill, na mimi sitaki kulitoa.

Cheka, usijizuie. Ni mimi yule yule niliyemwambia mwanao Kimani, mume wangu, achague nani abaki nyumbani kati yangu na koti, naye akaomba apewe siku mbili za kufikiria.

Naiandika barua hii wazi, asome atakaye, kwa kuwa siri za nyumba hii Kimani alishazimaliza zamani kwenye chai ya baada ya ibada. Pia kuna mambo sikukuambia ulipokuwa umekaa jikoni kwangu, na sasa aibu ya kuyasema imepungua kidogo.

Unakumbuka siku uliyofika? Ilikuwa Julai. Nyambura, mtoto tuliyempa jina lako, alikuwa na wiki tatu. Kimani alikuwa akipanga maboksi katika ghala moja kule Garland, mimi nilikuwa muuguzi mwenye likizo inayokwisha, na tukafanya kama inavyofanya kila nyumba ya Wakenya tunaowajua hapa: mtoto amezaliwa, nyanya aletwe. Tukasimama uwanja wa ndege na maua. Watu wakatoka na kaptura na kandambili. Kisha ukatoka wewe, umefunga koti la nta hadi kooni, kola imesimama, unatembea kama mtu anayekwenda kukamua.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Kwetu koti ni kitu cha kuvaliwa na bwana harusi, tena akivumilia. Nilidhani umeshikwa na malaria ndani ya ndege, nikakupima joto kwa kiganja huku nikijifanya nakukumbatia.

Nje joto lilikuwa la kukausha samaki. Nikakuomba ulivue, ukasema uko sawa. Tukapitia dukani kununua nepi, na unajua maduka ya Texas yalivyo, humo ndani binadamu huhifadhiwa pamoja na maziwa. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimejikumbatia mbele ya rafu ya mtindi, meno yanagongana, na wewe ulikuwa unapima kabeji mkononi moja baada ya nyingine bila haraka yoyote. Ukaniangalia kutoka juu hadi chini. Kisha ukarudi kwenye kabeji. Ningeshukuru kama ungenicheka.

Acha niwaeleze wasiolijua. Zamani lilikuwa kijani. Nilipolikuta lilikuwa na rangi isiyo na jina, kati ya matope na chai ya rangi. Kola ya kodrai imelika, bitana ya mirabaraba, zipu ya shaba nzito, na kwenye kiwiko cha kulia kiraka cha tyubu ya baiskeli. Si ngozi wala plastiki. Ni pamba iliyonyweshwa nta hadi ikashiba, mvua ikiligusa inateleza na kwenda zake. Mgongoni, chini ya kiuno, lina mfuko mmoja mpana unaotoka ubavu hadi ubavu. Kimani anasema Waingereza waliushona kwa ajili ya kubebea ndege waliowapiga risasi. Wewe kule Kinangop uliutumia kwa chupa ya maziwa ya ndama, na ulipofika kwetu ukawa wa chupa ya Nyambura. Siku moja nilikuta humo nduma tatu, kitabu cha nyimbo, na rimoti ya televisheni tuliyoitafuta wiki nzima.

Ulilipata sokoni Njabini siku robota la mitumba lilipofunguliwa, wewe umeshika mkono mmoja wa koti na mama mwingine ameshika wa pili. Ulisema mlivutana mpaka yule mama akakumbuka ameacha maziwa motoni. Wiki moja baadaye ukamzaa Wangeci. Ulikamua nalo asubuhi zote za baridi na sakitu, ukapanda nalo viazi, ukaenda nalo kwenye mikutano ya shule ukawatisha walimu. Kufikia tulipojuana nalo lilikuwa limeshachukua umbo lako kabisa. Ukiliweka kitini halikulala, lilikaa, limeinama mbele kidogo.

Na lilinuka. Samahani, Mama, lakini barua ni ya wazi. Lilinuka moshi, ng'ombe, na kitu cha tatu ambacho hata chuo cha uuguzi hawakutufundisha.

Ndiyo maana nililifua.

Nilikwambia mara nyingi kwamba lilichanganyika na nguo nyingine kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa umekwenda na Kimani kwenye maombi ya akina mama, nami nikalichukua kwa vidole viwili. Kazini kwangu kitu kikitiliwa shaka kinafuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba moja na vazi lililozalisha ndama wangapi sijui. Nikaliweka kwenye mashine, nikachagua joto la mwisho, nikamimina sabuni kwa moyo wote. Nilijiona nimeokoa familia.

Lilitoka tambara. Jepesi, limekunjamana, limeparara. Nta yote ilikuwa imebaki kwenye mashine, na mashine ikaigawa kwa haki. Mwezi mzima nguo zetu zilikuwa hazipitishi maji. Taulo zilikataa kunyonya, unatoka kuoga unajipangusa na maji yanahama tu kutoka bega hili kwenda lile. Kimani alimwagikiwa na kahawa kazini, ikateleza juu ya suruali yote hadi ndani ya kiatu, akaniambia hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona.

Uliporudi ulilipapasa kwa mikono yote miwili, mshono kwa mshono. Ukasema, "Umelichuna ngozi."

Kisha ukanyamaza siku tatu. Ulinipokea mtoto, ulinikandia mgongo, ulinipikia uji, yote bila neno. Mimi nimezoea madaktari wanaofoka. Sikuwa nimezoea mtu aliyeninunia huku ananiongezea sukari kwenye uji.

Siku ya nne ukauliza kama huku Amerika kuna nta ya nyuki.

Niliitafuta kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa. Mtandaoni niliona kuna mikebe ya nta iliyotengenezwa maalumu kwa makoti ya namna hiyo, ukasema hiyo ni ya watu wasio na mishumaa. Ukachukua nta ya nyuki, vipande viwili vya mshumaa, na kijiko cha mafuta ya kukamulia uliyokuja nayo kutoka nyumbani, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, ukayeyusha vyote ndani ya sufuria yangu ya ugali. Ugali wetu ulinukia kanisa hadi Krismasi.

Ulinieleza kwamba kule Kinangop kazi hiyo hufanywa kando ya moto, kipande kidogo kidogo, siku nzima, maana nta ikiona baridi huganda juu juu na kukataa kuingia. Huku ulitoka nje, ukaliangalia jua la Agosti, ukaliangalia gari la Kimani, ukalitandaza koti juu ya boneti. Ulisema tangu ufike umeona jua hili likikaa bila kazi.

Tukapaka kwa vitambaa, wewe mkono wa kulia wa koti, mimi wa kushoto. Nta ilizama yenyewe. Ulinifundisha kusugua kwa kufuata mshono. Mabega yarudiwe mara tatu, kwa sababu ndipo mvua hukaa. Kola isiguswe, isije ikakupaka shingoni, na kwapa ziachwe zipumue. Ulipoona upande wangu una mabonge ulikuja nyuma yangu, ukaushika mkono wangu na kuuongoza, kama unavyomwongoza mtoto anayeanza kuandika. Mama, mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Ulipouliza kwa nini nafuta macho nilisema jasho. Halikuwa jasho. Ukiacha kule kulifua, hilo ndilo la kwanza nililotaka kukuambia.

La pili ni ile barua. Wiki iliyofuata kamati ya mtaa wetu, wale wanaopima urefu wa majani, walituandikia kwamba jirani mmoja ameripoti mnyama aliyekufa juu ya gari letu. Nilikwambia wametuma salamu za kumkaribisha mtoto. Ndiyo maana walishangaa sana ulipowapelekea chapati.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni yule mzee wa duka la malisho. Ulikuwa umeanza kuwakumbuka ng'ombe wako mpaka unawaita kwa majina ukiwa unakunja nguo, na Kimani akagundua duka la kuuza nyasi na vyakula vya mifugo kwenye njia ya kwenda Waxahachie. Tukawa tunakupeleka Jumamosi kunusa tu. Hatukununua kitu, isipokuwa ufagio mmoja. Siku moja ya Januari tukakutana na mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na buti, naye amevaa koti la nta, la zamani kuliko lako. Hakunisalimia mimi. Alisimama mbele yako, akagusa ukingo wa kofia, akaniambia kwa Kiingereza nikuulize kama unaliuza, yeye yuko tayari pale pale.

Nilitafsiri kwa furaha kubwa. Niliona mlango wa wokovu umefunguka.

Ukasema, "Mwambie koti bado liko kazini."

Nikamwambia. Akacheka hadi kofia ikamtoka. Kisha akakuonyesha kiwiko chake, kina kiraka cha ngozi. Ukamwonyesha chako cha tyubu. Akakuonyesha mahali alipochanwa na seng'enge, ukamwonyesha mahali palipochomwa na pembe ya ng'ombe mmoja mkorofi, ukaigiza na pembe zenyewe. Mlisimama pale mkishikana mikono ya makoti, yeye Kiingereza chake, wewe Kikuyu, na mimi mkalimani nimebeba mtoto sina kazi.

Nilifikiria sana njiani kurudi. Nina makoti manne kabatini, mazuri, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunisimamisha. Nikiyatundika yanakuwa nguo tu, yeyote anaweza kuyachukua. Lako lilikuwa limeandikwa kila kitu, lini mvua ilikuwa kubwa, ng'ombe yupi alikuwa na hasira, upande upi ulipenda kubebea mtoto. Na kila lilipochoka lilipakwa likarudi kazini. Nadhani hilo ndilo lililomvuta yule mzee. Sisi wengine kitu kikichakaa tunatafuta pa kukitupa. Siku hiyo nililitundika mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwa mkono mzima.

Ulikaa nasi Agosti mbili. Kisha ukasema viazi havijipandi.

Uwanja wa ndege nakumbuka kila kitu. Mizigo ilizidi, na haikuwa ajabu, kwa kuwa ulikuwa unawapelekea Kinangop nzima. Tulikuwa tumepima masanduku nyumbani kwenye mizani ya bafuni, Kimani akapanda nayo, akashuka, akapanda tena, na bado yakazidi. Sufuria nne za zawadi zikatolewa, zikawa hazina pa kwenda ila mkononi, na mkononi ulikuwa na koti. Kila mtu alitegemea uache sufuria. Ukanitupia koti mabegani, pale pale mbele ya foleni, ukanivuta kola ikakaa sawa.

"Nitalichukua nikirudi," ukasema. "Lisikauke."

Hukurudi. Presha haikuuliza nani ana tiketi. Kimani alikwenda kukuzika peke yake. Mimi nilibaki na Nyambura na zamu, na karatasi za Wangeci zilikuwa bado ofisi za uhamiaji, akitoka nchi hii hangeruhusiwa kuingia tena. Nilikutazama ukizikwa kwenye simu, asubuhi moja Nyambura akiwa shule, video iliyorekodiwa na binamu ambaye muda mwingi alirekodi viatu vyake. Hili ni la tatu, na hata Kimani halijui. Nilitazama nikiwa nimekaa gereji kwenye kiti cha plastiki, nimevaa koti lako, zipu hadi kooni. Pastor alipotaja wakazamwana nilisikia jina langu, nikasema "niko hapa," kwa sauti, kwa simu isiyosikia.

Tangu siku hiyo nalivaa. Wodi yetu ina baridi ya kuhifadhi nyama, wewe ulijua mapema. Wenzangu wameniuliza kama nimenunua shamba la ng'ombe. Nyambura anasema, "Mommy, you smell like Shosho," eti nanukia kama nyanya yake, kisha anaweka kichwa mgongoni mwangu, kwenye ule mfuko, na hatoki hadi nimtoe. Agosti hii nimelitandaza juu ya boneti nikalipaka mikono yote miwili, wako na wangu. Kamati ya mtaa wameandika tena.

Na sasa Wangeci analitaka. Aliniambia kwenye simu, bila ugomvi, "Wewe ulikuwa na yeye two years. Mimi niachie hata hiyo jacket." Na ni kweli. Nilikuwa nawe, nilipikiwa uji, nilishikwa mkono. Yeye alikuwa Houston anafanya kazi mbili, anakuja mara moja kwa miezi mitatu, analala kwenye kochi, anaondoka. Lakini nalitaka, Mama. Sijui mtu asiye wa damu anaruhusiwa kutaka kiasi gani.

Niliacha kuandika hapo. Sasa ni Jumapili na nimerudi.

Jana nililiweka koti kwenye kiti cha mbele, gari likaanza kulia kwamba abiria hajafunga mkanda. Nilitoa kila kitu mifukoni, bado likalia. Nikalifunga mkanda. Tulikwenda hivyo saa nne nzima, na kwenye kituo kimoja cha mafuta mwanamume mmoja alichungulia dirishani, akaniangalia, akarudi kwenye gari lake haraka. Njiani nilipanga kumwambia Wangeci limeibwa. Nilipopita Corsicana nikaona afadhali niseme lina fangasi, mimi ni muuguzi, ataniamini. Nilipoingia Alief nilikuwa na uongo saba kamili, na aliponifungulia mlango sikuutumia hata mmoja.

Alikuwa ameandaa chai na mahamri na ametandika kitambaa kile cha wageni. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya kioo cha sebuleni akalivaa.

Halikumwenea. Mama, wewe ulikuwa mtu mdogo, na Wangeci amekaa Texas miaka kumi na mmoja, kazi ya kuketi mbele ya kompyuta na chakula cha kuagizwa. Mikono ilipita hadi viwiko ikakwama. Akasema ni nta mpya imekaza, nikakubali ni nta. Nikamsukuma kutoka nyuma, akajivuta kutoka mbele, tukapata mabega, tukakosa zipu. Akavuta pumzi ndani hadi macho yakamtoka, zipu ikafika kitovuni, ikakataa katakata. Na sasa likawa halitoki. Alikuwa amesimama na mikono imenyooka pembeni, hawezi kufikia hata pua yake. Nikamvuta mkono mmoja, tukaanguka wote wawili kwenye kochi, tukaanza kucheka. Tulicheka hadi chai ikapoa. Sijawahi kucheka na wifi yangu hivyo tangu niolewe.

Lilipotoka akalikumbatia, akanusa kola. Akanusa tena, akatafuta kwapani, akatafuta kwenye bitana. Kicheko kikaisha.

"Hayuko hapa," akasema. "Ni wewe tu."

Ilikuwa losheni yangu ya kazini. Sikuwa na pa kujificha, nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba nililifua kwa makusudi nikakutoa mara ya kwanza, na kwamba mwaka huu mzima nimelivaa nikakutoa mara ya pili. Nikamwambia kuhusu kiti cha plastiki na video. Nilimwomba msamaha. Nikasema lishonwe lipanuliwe, nitalipa mimi fundi, libaki kwake, hapo ndipo mahali pake. Na nilikuwa namaanisha, ingawa nililisema nikiwa nimeshika mkono wa koti kwa nguvu.

Akaubandua mkono wangu, akalikunjua koti. Kisha akasema, "Livae."

Nikakataa. Akasema tena. Nikalivaa.

"Funga zipu."

Nikafunga.

"Sasa angalia mlango."

Nikageuka nikaangalia mlango. Mimi na wewe tuna kimo kimoja, Mama, na mabega ya koti hili hayajawahi kukubali kuwa yangu, bado yanainama ulivyoinama wewe. Nilisikia Wangeci akivuta pumzi nyuma yangu.

"Sikumsindikiza airport," akasema. "Nilinyimwa off. Sikumsindikiza kaburini, sababu ya hizi karatasi. Wacha nimsindikize. Tembea hadi kwa gari. Usigeuke, tafadhali."

Basi nikatembea. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Houston la kukushika shingoni, na mimi nimefunga koti la mvua hadi kooni. Jirani mmoja alikuwa anaosha gari lake, akaacha mpira ukimwaga maji chini akinitazama. Sikujua nitembee vipi. Mwanzo nilitembea kama mimi, haraka, kama mtu anayeitwa wodini. Kisha nikapunguza, nikaanza kukanyaga ulivyokanyaga wewe, mguu wa kulia ukitangulia kidogo, mkono mmoja nyuma umeshika ule mfuko. Nilisikia kandambili za Wangeci nyuma yangu. Hakunikaribia. Alikuwa anazungumza nawe kwa Kikuyu, mimi nashika neno moja moja, nadhani alikuwa anakueleza kazi yake mpya, na kwamba anakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Tukapita magari, tukapita masanduku ya barua. Karibu na lango kandambili zikasimama.

"Haya, Mama," akasema, kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili nami nisikie. "Wacha mimi nifikie hapa. Ufike salama. Usalimie watu."

Niliendelea peke yangu hadi kwenye gari, nikatia mkono mfukoni. Funguo nilikuwa nimeziacha mezani kwake, kando ya chai. Nyuma yangu Wangeci alikuwa anaanza kulia, kilio kile alichokuwa hajakilia mwaka mzima. Nikasimama pale na mkono kwenye kitasa kinachochoma, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi, nimeinama mbele kidogo. Sikugeuka. Nilisimama mpaka akamaliza.

Pumzika, Mama. Umesindikizwa.

Mkazamwana wako,
Mama Nyambura